Ukuta kwanza, projekta baadaye

*Swali: Assalaam aleykum. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Unguja. Wanafunzi wangu pamoja na vijana wa mtaani wanataka usiku mmoja tuoneshe historia ya mji kwa mwanga juu ya ukuta wa Ngome Kongwe, upande wa bustani ya Forodhani, kama tunavyoona kwenye video za Ulaya. Tulijaribu projekta ya skuli usiku kwenye ukuta wa nje wa jengo letu, picha ikatoka hafifu kama kivuli. Tutafute mashine gani? Ukuta wa zamani hautaharibika? Na historia ya miaka mia tatu tutaipanga vipi iingie usiku mmoja?*

Waaleykum salaam, Mwalimu. Umeuliza mambo matatu, na lile ulilolitanguliza, la mashine, mimi naliweka mwisho. Karibu kila anayeniita kwa kazi ya namna hii huanza hapo hapo: "Fundi, una projekta kubwa?" Nami hujibu kwa kuuliza: ukuta gani? Ukuta ndio unaoamua ukubwa wa mashine, aina ya picha, na hata hadithi ya kusimuliwa. Basi tuanze na huo.

Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa, mwishoni mwa karne ya 17, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mvua na chumvi ya bahari vimeubadilisha ukuta rangi hadi ukawa kahawia iliyokolea, pengine inakaribia weusi. Mchana unapendeza. Usiku, kwa kazi yetu, ni ukuta mlafi: unakula mwanga. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe hurudisha machoni kama asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Jiwe lililokolea namna hii ukipata asilimia 20 ushukuru.

Hesabu yake wanafunzi wako wataiweza bila kikokotoo. Nguvu ya projekta hupimwa kwa lumeni. Ukigawa lumeni kwa mita za mraba za picha unapata luksi, yaani mwanga unaoangukia kila mita ya mraba. Projekta za skuli huwa na lumeni 3,000 hadi 4,000. Tuseme yenu ina 3,500. Darasani picha ina upana wa mita mbili na kimo cha mita moja na nusu, jumla mita za mraba 3, kwa hiyo luksi zinapita 1,100. Ndiyo maana mnasoma maandishi hata dirisha likiwa wazi. Sasa ipeleke picha hiyo hiyo ngomeni, upana mita 16, kimo mita 9. Mita za mraba zimekuwa 144 na luksi zimeshuka hadi 24. Kwa kuwa ukuta ule unarudisha robo ya kile ambacho ukuta mweupe ungerudisha, machoni ni kama luksi 6. Taa ya barabarani peke yake humwaga luksi 10 hadi 20 chini ya nguzo yake. Mmeshindwa na taa ya barabarani kabla hamjaanza.

Mashine ya lumeni 20,000 kwa ukubwa huo huo inatoa luksi 139, ambazo juu ya jiwe lile zitaonekana kama 35 hivi. Hapo watu wataona picha, ila haitawaka kama kwenye zile video. Ningefanya kazi hiyo mimi, ningeweka mashine mbili za namna hiyo zikirusha picha moja, moja juu ya nyingine, zimelinganishwa mpaka mistari ikalaliana. Mwanga unakuwa mara mbili, na moja ikizima katikati ya onyesho nyingine inaendelea, watazamaji wanadhani ni ufundi.

Lakini hesabu hiyo ina mlango wa pili, na wenye mfuko mdogo wapite hapo. Ukipunguza upana wa picha kwa nusu, mwanga unaongezeka mara nne. Projekta yenu ya skuli ikirusha picha ya mita 4 kwa mita 2 na robo inatoa luksi karibu 390, na hata jiwe la Ngome Kongwe litaionesha. Kwa hiyo si kweli kwamba mashine yenu haifai. Mliipa ukuta mkubwa kuliko uwezo wake. Mita nne zinatosha kufunika mlango. Nitaurudia mlango huo.

Kabla ya hapo, jambo ambalo video za Ulaya hazikuambii: projekta haina rangi nyeusi. Panapotakiwa weusi, mashine haitoi kitu, na weusi unaouona ni ukuta wenyewe ukiwa gizani. Katika ukuta mweupe wenye taa pembeni weusi huo huwa kijivu na picha inapauka. Ngome yenu ina weusi wa kuzaliwa. Tatizo la dakika moja iliyopita limegeuka mtaji, mradi mchore kwa namna inayoufaa ukuta. Msiupelekee picha zilizojaa rangi kutoka ukingo hadi ukingo, wala picha za zamani za kahawia zilizofifia, zitamezwa. Upelekeeni mistari. Mstari mweupe mnene juu ya jiwe jeusi, jahazi lililochorwa kwa mistari ishirini tu, hung'aa kuliko picha ya rangi elfu, kwa sababu nguvu yote ya macho inakwenda kwenye huo mstari. Kama mna mwanafunzi anayechora hina au anayetarizi kofia, huyo ndiye mchoraji wenu. Anajua kuacha nafasi tupu.

Maandishi yawe machache mno. Mtu aliyesimama upande wa pili wa bustani, mshikaki mkononi, hasomi aya ukutani. Mwaka na jina moja, herufi zenye kimo cha nusu mita, basi.

Sasa mwanga mwingine. Wengi huogopa mbalamwezi. Mwezi mpevu hautoi hata nusu luksi, usikuhangaishe. Wasiwasi wako uwe taa za bustani, taa za barabara na zile balbu za wachoma mishikaki na wakamua miwa. Niliwahi kufanya kazi katika mji mmoja wa pwani, mwenyeji akaniahidi kwa mdomo kwamba taa za barabarani zitazimwa saa mbili kamili. Saa mbili na nusu zilikuwa bado zinawaka, na aliyekuwa na ufunguo wa kisanduku chake alikuwa harusini. Tulirusha historia ya mji mzima chini ya taa ya manjano. Tangu siku hiyo ahadi ya taa naitaka kwa maandishi, ikiwa na jina la mtu na nambari yake ya simu, na mtu huyo namtaka awepo jioni ile. Wachuuzi wala usiwaombe wazime. Hiyo ni riziki yao na wapo kila siku, wewe umekuja usiku mmoja. Waombe wageuze balbu zielekee mezani badala ya ukutani, wape kipande cha kadibodi cha kukingia, na waambie mapema kwamba watu watakuwa wengi. Watakusaidia kuliko mtu yeyote.

Jua la Unguja huzama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 12 na dakika 47 jioni, kutegemea mwezi. Giza la kufaa linaingia baada ya dakika 45 hivi. Ukuta wa upande wa Forodhani unaelekea baharini, kule linakozama jua, kwa hiyo ndio unaopokea mwangaza wa mwisho wa mbingu; uongeze dakika kumi. Ila sidhani kama hilo litakusumbua, maana hutaanza kabla ya Isha. Subiri watu watoke msikitini, anza baada ya hapo. Mkirudia onyesho, angalia lisigongane na adhana. Msimu nao: masika ya Machi hadi Mei yaache, na vuli pia usiiamini. Miezi ya kusi ni mikavu lakini ina upepo, na jukwaa la mabomba lenye mashine juu lazima lifungwe kamba pande nne na kuwekewa mizigo chini.

Kuhusu mahali pa kuweka mashine. Kila lenzi ina namba yake. Lenzi ya 1.5 maana yake umbali ni mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa hiyo picha ya mita 16 inataka mashine ikae mita 24 kutoka ukutani. Hapo utakuwa umeshavuka barabara na kuingia bustanini, jambo lenye maswali mawili: magari na miti. Gari kubwa likipita litabeba kipande cha historia yako mgongoni mwake. Inua mashine mita tatu au zaidi, vichwa vya watu na paa za magari vibaki chini ya mwanga. Miti iangalie usiku ukiwa umesimama pale pale lenzi itakapokuwa. Tawi ambalo mchana hulioni usiku linakuwa kivuli cha mita tano ukutani. Na usinyooshe picha kwa kile kitufe cha kurekebisha pembe kilichomo ndani ya mashine. Kinatupa sehemu ya picha na kuifanya isiwe kali. Mashine kubwa zina lenzi inayosogea juu, chini na pembeni. Omba hiyo.

Kuilaza picha juu ya jengo, mlango ukae mlangoni na mnara mnarani, watu hudhani ni uchawi wa kompyuta. Ni kazi ya subira. Mnafunga mashine mahali pake, mnarusha gridi ya miraba, mnapiga picha mkiwa mmeshikilia kamera karibu kabisa na lenzi, kisha mnachora juu ya picha hiyo mipaka ya kila kitu: ukingo wa mnara, mlango, mstari wa juu wa ukuta. Ramani hiyo ndiyo kitambaa chenu cha kuchorea. Programu kama MadMapper au HeavyM zinafanya kazi hiyo ya mwisho ya kuvuta pembe, na Blender, ambayo ni ya bure, inatosha kwa michoro inayotembea. Vijana wenu wataimudu ndani ya wiki kadhaa. Wasichoweza kujifunza kwenye video ni hili: mashine ikishafungwa, hata sentimita moja isisogezwe. Weka alama ya rangi sakafuni chini ya kila mguu, na mtu wa kulala hapo kama itakaa usiku kucha.

Umeme si mwingi kama unavyodhani. Mashine moja ya lumeni 20,000 inayotumia leza hula karibu kilowati mbili, sawa na birika la umeme. Hatari ni kukatika. Unguja inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari, na wewe mwalimu wa historia huna haja ya kukumbushwa giza la Mei na Juni 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Jenereta ndogo ya kimya iwe tayari nyuma ya gari, na kompyuta na mashine zipite kwenye betri ya kuziba pengo hadi jenereta iwake. Kwa mashine za taa ya kawaida hilo ni lazima kabisa: zikizimika ghafla zikiwa na joto, taa yake hupata madhara.

Na unyevu, ndugu yangu, unyevu. Mara moja nilihifadhi mashine mchana kutwa katika chumba chenye kiyoyozi, jioni tukaitoa nje karibu na bahari. Lenzi ikatoka jasho. Dakika ishirini tulisimama tukiitazama ikikauka huku watu wakipiga miluzi. Itoe nje mapema, alasiri, kivulini, izoee hewa. Kama unaijengea kibanda cha kuikinga na mvua, kiwe na njia ya hewa kuingia na ya kutoka. Mashine hizi zinapumua moto.

Sasa ukuta kuharibika. Mwanga wenyewe, kwa usiku mmoja au hata kumi, hauna la kulifanya jiwe ambalo limepigwa na jua la Zanzibar kwa miaka mia tatu. Wanaoharibu ni watu waliokuja na mwanga. Msumari mmoja wa kuning'iniza waya. Ngazi iliyoegemezwa kwenye lipu iliyokwisha kuachana na jiwe. Spika kubwa lililosukumwa likagusa ukuta. Na kuna fundi atakayekushauri upake ukuta chokaa nyeupe ili picha itoke vizuri. Huyo mshukuru kwa chai kisha usimpigie simu tena. Kanuni yangu ni kwamba hakuna kitu chetu kinachogusa jengo. Nyaya zinapita chini, spika zinasimama kwa miguu yake, na watazamaji wanawekewa kamba mita chache kabla ya ukuta. Watoto watakimbilia kugusa picha, na nawaelewa, lakini macho yao yasitazame ndani ya lenzi ya leza kwa karibu. Ndiyo sababu nyingine ya kuinua mashine juu.

Tumefika kwenye swali lako la tatu, ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie marefu.

Usisimulie miaka mia tatu. Najua silabasi yako inakwenda Wareno, Waomani, Waingereza, Mapinduzi, na vijana watataka kila sura ipate dakika yake. Matokeo yake ni kitabu cha darasani kilichobandikwa ukutani. Mji wa Quebec, Kanada, ulipotimiza miaka 400 mwaka 2008, mwongozaji wa tamthilia Robert Lepage na wenzake walirusha picha juu ya maghala ya nafaka ya bandarini, urefu wa mita 600 hivi. Walikuwa na karne nne na dakika 40. Hawakusimulia gavana mmoja baada ya mwingine. Walisimulia jinsi watu wa pale walivyosafiri: enzi ya njia za maji, enzi ya barabara, enzi ya reli, enzi ya ndege. Uzi mmoja, na kila kitu kikaning'inia hapo.

Uzi wenu mimi ningeuchagua hivi: tusimulie tu yale ambayo ukuta huu uliyaona. Simama ukiupa ukuta mgongo, tazama mbele, pembeni, baharini. Je, jambo hilo lingeonekana kutoka hapa? Kama halikuonekana, liache kwa usiku mwingine na ukuta mwingine.

Kwa kipimo hicho tu umepata hazina. Reli ya kutoka mjini hadi kijiji cha Bububu, iliyoanza mwaka 1905, maili saba hivi: ngome hii yenyewe iliwahi kuwa bohari yake. Wangapi kati ya wanaokula urojo pale wanajua kwamba garimoshi lilikuwa likianzia hapo walipokaa? Mchoro wa mistari, garimoshi dogo linatoka kwenye mlango wa ngome, mlango wa kweli, ule wa mita nne, na kupita ukutani na moshi wake. Atatokea mzee wa kuwaambia vijana kwamba jina Bububu limetokana na mlio wa garimoshi. Ni hadithi tamu na msiitie ukutani. Bibi Salme, binti wa Sultani, analitaja jina hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya reli. Kitu kikishaandikwa kwa mwanga mbele ya watu elfu kinakuwa kweli hata kama si kweli, kwa hiyo kila tarehe ipite mikononi mwako kwanza.

Halafu asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Vita vya Waingereza na Sultani vilivyoisha kabla ya saa moja kupita, na vilipiganwa mbele ya ukuta huu. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani, akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ikazama bandarini. Milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji miaka mingi, hadi mabaki yalipovunjwa mwaka 1912. Fikiria hilo: watoto waliozaliwa baada ya vita wakakua wakiitazama milingoti ile kila siku kama sehemu ya bahari. Ukutani hamhitaji moto wala mabomu. Milingoti mitatu, mstari wa maji, kimya cha sekunde ishirini.

Mbele ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani lililo jirani na ngome, palikuwa na mnara wa taa wa kuongozea meli, nao ukaangushwa asubuhi ile ile. Baadaye mnara wa saa ukajengwa kwenye Beit el Ajaib yenyewe. Jumba hilo Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, na lilipata taa za umeme wakati karibu Afrika Mashariki nzima ilikuwa kwenye kibatari. Huo ni mwanzo mzuri wa onyesho la mwanga kuliko wowote ninaoweza kuubuni: ukuta wote giza, kisha nukta moja inawaka pale pale upande uliosimama mnara.

Na hapa nina ombi. Fundi yeyote wa picha za ukutani ana mchezo anaoupenda: kuufanya ukuta uonekane unapasuka na kumomonyoka, matofali yanaanguka, watu wanapiga kelele. Msiufanye. Sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka kweli tarehe 25 Desemba 2020, hatua chache kutoka hapo, na watu wawili walifariki. Watazamaji wenu wengine walisikia mshindo ule. Kinyume chake ndicho kinachowezekana na hakihitaji saruji: chora mistari ya jumba kwenye ukuta wa jirani yake, nguzo moja moja, baraza juu ya baraza, mpaka lisimame zima.

Kuhusu utumwa na kuhusu 1964, utajua wewe kuliko mimi nini cha kusema na nani wa kukaa naye kwanza. Maoni yangu ya kifundi ni kwamba soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, lilifungwa 1873, na mahali pake panajulikana. Lisimuliwe kule, kwa utulivu, si kati ya muziki na juisi ya miwa.

Sauti itabeba nusu ya kazi. Paul Robert-Houdin aliyeanzisha maonyesho ya sauti na mwanga katika kasri la Chambord, Ufaransa, mwaka 1952, hakuwa na picha hata moja ukutani. Alikuwa na taa za rangi zinazowaka na kuzima, muziki, na sauti za wasimulizi. Mapiramidi ya Giza yalipata onyesho la namna hiyo mwaka 1961. Hilo linakupa njia ya gharama nafuu: picha ziwe chache, mlangoni na kwenye mnara mmoja, na ukuta uliobaki uogeshwe kwa taa za rangi za kawaida, zile za kumbi za harusi. Fundi yeyote wa mjini anazo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kurekodiwa Bombay mwaka 1928, sauti yake ikisikika juu ya taa moja ya buluu inatosha dakika nzima bila picha. Ila ruhusa ya kutumia rekodi itafutwe, vilevile kwa picha za zamani, iwe ni za Nyaraka za Taifa au za studio za mjini. Msimulizi awe mzee wa mtaani, kwa lafudhi yake. Msimkodi mtangazaji wa sauti nzito. Mtafanana na tangazo la simu.

Onyesho lote lisizidi dakika 12, lirudiwe mara tatu. Forodhani watu wanapita na kula, hawakukata tiketi. Dakika arobaini wataondoka, dakika kumi wataita jamaa zao waje kwa mzunguko wa pili.

Vibali vianze miezi kadhaa kabla: Mamlaka ya Mji Mkongwe, wanaosimamia makumbusho na mambo ya kale, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, manispaa, polisi, sheha. Nenda na mchoro wa karatasi moja unaoonesha kila kitu kitasimama wapi na neno "hakuna kinachogusa ukuta" liwe juu kabisa. Mashine kubwa msinunue. Kodini, na bei iwe pamoja na fundi wake, usafiri wa boti na usiku mmoja wa majaribio. Anayekupa bei bila usiku wa majaribio anakuuzia nusu ya kazi.

Wiki hii, kabla ya barua yoyote ya kuomba fedha, omba ruhusa ya jioni moja tu. Chukua projekta ile ile ya skuli, waya mrefu na meza, uiweke mita sita kutoka mlangoni, picha ya upana wa mita nne. Rusha mchoro mmoja wa mistari myeupe, garimoshi ukipenda. Sogea upande wa pili wa barabara uone kama unalitambua. Kisha nitumie upana wa ukuta, kimo chake, umbali hadi mti wa kwanza wa bustani, na picha moja ya simu iliyopigwa saa tatu usiku bila kuwasha mwanga wa simu. Kwa hayo manne nitakuambia mashine.